Mwalimu na Swali la Vyeo

Kila mwaka tunapokutana ukumbini kuadhimisha tarehe 9 Desemba, picha ya Mwalimu hutundikwa mbele, karibu na bendera. Watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza huuliza yule mzee ni nani. Nasi huwajibu haraka haraka kwamba ni Baba wa Taifa, ndiye aliyetuletea uhuru, kisha tunarudi kwenye pilau yetu. Mwaka huu kamati ya jumuiya ilipotuomba tuandike maisha yake katika jarida hili la kumbukumbu, tuliona tusirudie tu yale yanayosemwa kila mwaka. Sisi ni wauguzi. Shahada yetu ya uuguzi tuliipata huku ugenini, na tangu tuanze kazi wodini hakuna jambo linalotugusa kila siku kama hili: nani apandishwe cheo, na kwa haki gani. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikutana na swali hilo hilo akiwa na nchi nzima mikononi. Basi tumeamua kuyasimulia maisha yake kwa kulifuata swali hilo.

Mtoto wa Butiama

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, si mbali na Musoma na Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano katika nyumba yenye wake wengi. Kijana Kambarage alichunga mifugo kama wenzake, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa tayari na umri wa miaka 12. Aliwahi kuwapita wenzake darasani, na kutoka hapo akaenda Shule ya Serikali ya Tabora, ambayo Waingereza waliianzisha wakiwalenga watoto wa machifu.

Watoto wetu walizingatie hilo. Katika Tanganyika ya wakati ule, hata kabla mtu hajafanya mtihani wowote, kuzaliwa kwake kulishaamua mengi: rangi yake, kabila lake, kama ni mtoto wa chifu au wa mkulima, kama ni mvulana au msichana, na kama kijiji chao kilifikiwa na wamisionari au hakikufikiwa. Mwalimu alikuwa na akili nyingi, lakini pia alikuwa upande wa wachache waliofunguliwa mlango. Hakulisahau jambo hilo maishani mwake.

Mwaka 1943 aliingia Makerere, Uganda, akasomea ualimu. Akafundisha Tabora katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 akaja huku kwetu, Edinburgh, Uskoti, akahitimu shahada yake mwaka 1952. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache mno wa kizazi chake kupata shahada ng'ambo. Sisi tuliohangaika na baridi, ada, na mihadhara ya lafudhi ngeni tunajua kidogo alichopitia.

Mishahara ya ngazi tatu

Aliporudi nyumbani alikuta serikali ya kikoloni ikiendeshwa kwa ngazi tatu. Juu kabisa alikaa Mzungu, katikati Mhindi, chini Mwafrika. Kila kundi lilikuwa na mshahara wake, nyumba zake, na hata chama chake cha watumishi. Makarani na walimu Waafrika walikuwa wameunda chama chao tangu mwaka 1922 mjini Tanga, chini ya Martin Kayamba, wakidai watendewe kama wafanyakazi wengine. Katika miaka ya 1950 serikali ilitangaza kuondoa mishahara ya rangi, lakini walioletwa kutoka Ulaya waliendelea kupata nyongeza maalumu, hivyo pengo likabaki.

Mwafrika aliyefanya kazi vizuri miaka ishirini aliweza kumfundisha kazi kijana aliyetoka Uingereza, na baada ya miezi michache kijana huyo akawa mkuu wake. Wauguzi wenzetu wakisoma sentensi hiyo watatabasamu, na si kwa furaha.

Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuongoza Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Mwaka huo huo serikali iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Maana yake ni kwamba wasomi wengi walilazimika kuchagua kati ya mshahara na siasa. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU. Yeye wakati huo alikuwa akifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa kule New York alikokwenda kuitetea Tanganyika, ilimbidi naye achague. Akaacha ualimu, akiwa na mke, Mama Maria, na familia changa, bila mshahara wa uhakika.

Kura tatu

Serikali ya kikoloni ilipotangaza uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, iliweka sharti la ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, na Mhindi mmoja. Wazee wetu waliita jambo hilo kura tatu. Jamii ndogo zilipewa viti sawa na jamii kubwa, na hata haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, au kazi ya mtu.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia, na walikuwa na sababu. Mkutano mkuu wa chama uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikuwa mkali sana. Mwalimu alisimama upande wa kushiriki, akiamini kwamba mlango mbovu ni afadhali kuliko ukuta, na kwamba TANU ingeweza kuunga mkono wagombea wa rangi zote wanaokubali uhuru. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake cha African National Congress kilichotaka nchi iwe ya Waafrika peke yao. Uchaguzi ulipokwisha, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wakiwemo Wahindi na Wazungu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson.

Tangu hapo alianza kutembea kwenye kamba nyembamba. Aliahidi Waafrika kwamba dhuluma itaondolewa, na aliahidi watu wa rangi nyingine kwamba haitageuzwa tu uso. Kushika ahadi zote mbili kwa pamoja si kazi nyepesi.

Uraia na naizesheni

Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, karibu robo tu ya kazi za juu na za kati serikalini zilikuwa zimeshikwa na wananchi. Madaktari Waafrika walikuwa wachache mno, na wahandisi hali kadhalika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa wiki chache tu kabla, katika jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wa kuhesabika.

Kwa hiyo serikali yake iliweka utaratibu wa makusudi: nafasi ikitokea, atafutwe kwanza Mwafrika. Watu wa mitaani waliuita naizesheni. Mwalimu aliukubali utaratibu huo. Hakuona dhambi kumsukuma mbele mtu aliyezuiwa kwa makusudi miaka arobaini. Kumwambia mtu kama huyo ashindane sawa siku ya kwanza baada ya kufunguliwa minyororo, aliona si usawa.

Lakini mpaka wake aliuonyesha mapema. Oktoba 1961 bungeni ulijadiliwa muswada wa uraia. Muswada uliruhusu watu wa rangi zote waliozaliwa nchini, na ambao walau mzazi wao mmoja alizaliwa nchini, wawe raia. Baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walisimama kupinga, wakitaka uraia uende kwa rangi. Mwalimu alikasirika kuliko kawaida yake. Aliwaonya kwamba wakianza kugawa haki kwa ngozi wanaelekea njia ileile ya Hitler na ya makaburu wa Afrika Kusini, na kwamba muswada ukiangushwa serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Wiki sita tu baada ya uhuru, Januari 1962, alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda vijijini kukijenga chama. Rashidi Kawawa akashika nafasi. Malalamiko kwamba vyeo vinakwenda polepole yalikuwa yamepanda sana, na Kawawa aliongeza kasi. Wakuu wa majimbo wa kikoloni waliondolewa, na wengi wa waliokuwa juu wakabadilishwa. Mtemvu aligombea urais dhidi ya Mwalimu mwishoni mwa mwaka huo akapata kura chache sana, lakini hoja yake haikufa pamoja na kura zake. Ilikuwa hai katika vyama vya wafanyakazi, makarani na kambini. Kufikia mwisho wa mwaka 1963, karibu nusu ya kazi zile za juu na za kati zilikuwa mikononi mwa raia.

Januari 1964

Hapo ndipo Mwalimu, sasa akiwa Rais, alipofanya jambo ambalo watu wachache wangethubutu. Mwanzoni mwa Januari 1964 alitoa waraka akiamuru kwamba upendeleo wa rangi katika utumishi wa serikali umekwisha. Tangu siku hiyo, kuajiriwa, kufundishwa kazi na kupandishwa cheo kulitakiwa kufuata uraia na uwezo. Raia mwenye asili ya Kihindi au Kizungu alikuwa raia sawa na mwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba utaratibu ule ulikuwa dawa ya muda. Ukiendelea baada ya kazi yake, utazaa raia wa daraja la pili, na nchi iliyopigania usawa haiwezi kuwa na raia wa namna hiyo.

Sisi wauguzi tunaelewa lugha hiyo. Dawa ina kipimo na ina siku ya mwisho. Mgonjwa anayeendelea kuinywa kwa sababu tu imempa nafuu anaweza kudhurika nayo. Lakini pia mgonjwa akikatishiwa dawa kabla ya wakati, ugonjwa hurudi. Je, mwaka 1964 ulikuwa wakati wake? Nusu ya kazi bado hazikuwa za raia. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walisema waraka umekuja mapema mno, na mtu mwadilifu hawezi kuwacheka.

Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mambo mawili: mshahara uongezwe, na maafisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika wapande. Maafisa hao bado walikuwapo jeshini, miaka miwili baada ya uhuru. Mwalimu alifichwa. Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Jijini kulitokea uporaji na watu kadhaa wakafa. Kambi ya Tabora nayo ikafuata. Kwa aibu ambayo Mwalimu hakuificha, aliomba majeshi ya Uingereza yazime maasi, na tarehe 25 Januari yakazima kwa muda mfupi.

Kilichofuata kina pande mbili, na watoto wetu wanastahili kuziona zote. Upande mmoja, jeshi la zamani lilivunjwa, likajengwa jipya, Jeshi la Wananchi, chini ya Mirisho Sarakikya, kijana wa Kitanzania. Kumbe lile lililosemwa haliwezekani haraka liliwezekana. Upande wa pili, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, na vyama huru vikavunjwa na kuwekwa kimoja chini ya serikali. Watu waliokuwa wakiuliza kwa sauti kuhusu vyeo vyao walinyamazishwa. Mwalimu alitetea haki ya walio wachache kwa rangi, lakini waliompinga kwa mawazo hakuwapa nafasi kama hiyo.

Si rangi peke yake

Baada ya hapo aliona kwamba pengo halikuwa la rangi tu. Waafrika waliopanda walianza kujiona tabaka. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967, katika Azimio la Arusha, viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, hisa, au nyumba za kupangisha.

Azimio hilo nalo liliumiza baadhi. Nyumba za kupangisha zilipotaifishwa mwaka 1971, sheria haikutaja rangi, lakini wengi waliopoteza walikuwa raia wenye asili ya Kihindi. Wengi wakaondoka, na baadhi yao ni majirani zetu katika miji hii hii.

Katika elimu, mikoa iliyofikiwa mapema na shule za misheni, kama Kilimanjaro na Kagera, ilikuwa imetangulia mbali. Serikali ilizichukua shule za mashirika ili watoto wa dini zote waingie, na nafasi za sekondari zikagawiwa kwa mgawo wa mikoa. Katika familia yetu wenyewe tuna pande zote mbili za mgawo huo. Mama yetu, mtoto wa mkulima wa korosho kutoka kusini, alipata nafasi ya kidato cha kwanza ambayo pengine asingeipata. Shangazi yetu wa Moshi alikuwa na alama nzuri, lakini nafasi za mkoa wake zilijaa, akabaki nyumbani. Wote wawili walikuwa wakikaa meza moja siku za sikukuu. Mama alikuja kuwa mwalimu. Shangazi aliuza ndizi sokoni, akawasomesha wadogo zake, na hakuacha kukumbuka alama zake mpaka alipofariki.

Kuhusu wanawake, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka waliomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Ikaonekana wasichana wengi wakishatoka hawarudi, basi baadaye wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Na mwaka 1985, alipokuwa akijiandaa kung'atuka, katiba iliweka viti 15 bungeni kwa ajili ya wanawake. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa adui wa msukumo maalumu. Aliukataa pale ulipotaka kumfanya raia mmoja awe duni kwa asili yake, akautumia pale alipoona mtu amefungiwa mlango. Kati ya hayo mawili alikosea mara kadhaa.

Mwaka 1985 alimwachia Ali Hassan Mwinyi urais akarudi Butiama kulima. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu. Alizikwa kijijini kwake, alikozaliwa.

Na sisi huku

Tunaandika haya kwa sababu mambo hayo hayakubaki Dar es Salaam. Tulipoanza kazi hospitalini, tulikaa bendi ya 5 miaka saba. Tulifanya usaili mara tatu. Wanafunzi tuliowaonyesha jinsi ya kupanga dawa walirudi kuwa wakubwa zetu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ya nchi hii inamruhusu mwajiri, pale waombaji wawili wanapolingana sifa, amchague yule wa kundi lililoachwa nyuma. Hailazimishi, inaruhusu tu. Hatimaye tulipopanda, wapo walionong'ona kwamba tumepandishwa kwa ngozi. Tulikuwa tumeyangoja yale mafanikio miaka saba, na siku tulipoyapata yalikuwa yameshatiwa maji.

Halafu zamu yetu ikafika. Tuliwekwa kwenye jopo la usaili. Waombaji wawili wa mwisho walikuwa dada yetu kutoka nyumbani, ambaye tunamfahamu na watoto wake tunawafahamu, na muuguzi kutoka Ufilipino. Hawakulingana. Yule Mfilipino alijibu vizuri zaidi, na alama zake zilikuwa juu zaidi. Tulimpa yeye. Kwa miezi kadhaa baadhi ya watu wa jumuiya hii hawakutuitikia salamu, na mmoja alituuliza kama tumesahau tulikotoka.

Hatukuwa tumesahau. Usiku ule tulifikiria waraka wa Januari 1964, na askari wa Colito, na shangazi yetu wa Moshi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tuliyoyalalamikia miaka saba hatukuweza kumfanyia mwingine kwa sababu tu hatoki Tanzania. Lakini hatukuishia hapo. Tulimwita dada yetu, tukakaa naye kila Jumamosi kwa miezi mitano, tukampitisha maswali ya usaili moja baada ya jingine. Nafasi nyingine ilipotangazwa aliomba katika wodi nyingine, mbele ya jopo ambalo hatukuwamo, akaipata kwa alama zake. Leo ameketi kwenye kamati iliyoandaa sherehe hii.

Basi watoto wetu, mkiulizwa yule mzee wa kwenye picha ni nani, semeni ni Mwalimu, aliyetuletea uhuru. Kisha mwongeze kwamba aliwahi kuwaambia watu wake mwenyewe hapana, wakati kuwaambia ndiyo kungekuwa rahisi. Na mkitaka kujua kama alikuwa sahihi, ulizeni wazazi wenu mezani. Mtasikia majibu tofauti, na yote yana watu ndani yake.

Heri ya Siku ya Uhuru kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.